Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Nani Ameshika Kijiko?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana na mazungumzo haya gazetini, leo naomba tuzungumzie jambo dogo sana. Nasema dogo kwa sababu linaanzia kwenye kijiko cha chai. Lakini jambo hili hili dogo ndilo linalojaza vitanda vya wodi za watoto, na mara nyingine ndilo linalotupeleka makaburini tukiwa tumebeba kijisanduku kinachoenea mikononi mwa mtu mmoja.

Hivi karibuni nilikwenda Susuni, wilayani Tarime mkoani Mara, katika ile nchi ya milima iliyo upande wa mpaka wetu na Kenya. Nilikwenda kuhani msiba wa rafiki, nikalala katika mji wa jamaa zake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilipoamka, watu wazima wote walikuwa wameshatawanyika. Baba mwenye nyumba alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani, mama alikuwa shambani akipalilia kabla jua halijawa kali, na bibi alikuwa bado kule msibani. Waliobaki nyumbani walikuwa watoto watatu. Mkubwa wao, binti wa miaka kama 9 hivi, alikuwa amefagia uwanja, ameteka maji na kuinjika chungu, na muda wote huo alikuwa amembeba mgongoni mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Mtoto yule alikuwa akiharisha tangu usiku. Alikuwa amelegea, midomo imekauka, na alipolia sikuona machozi. Nikamwuliza dada yake kama amempa maji. Akanijibu kwa adabu, huku ameinamisha macho: "Baba, akinywa anaharisha. Asiponywa anaacha."

Ndugu msomaji, nimeyafikiri sana maneno yale. Binti yule hakuwa mzembe wala mjinga. Alikuwa ameangalia kwa macho yake na kufikia uamuzi. Na alichokiona ni kweli kabisa: mtoto asiyenywa, kuharisha kwake hupungua. Lakini kunapungua kama mtungi uliotoboka unavyoacha kuvuja. Unaacha kwa kuwa hauna tena kitu ndani.

Hapa ndipo penye kosa ambalo wengi wetu, wa mjini na wa kijijini, tumelirithi. Tunadhani adui ni kuharisha, kwa hiyo tunatafuta cha kukuzuia: tunamnyima mtoto maji, tunamnyima uji ili tumbo lake lipumzike, tunatafuta vidonge vya kufunga. Kumbe kinachomwua mtoto, mara nyingi, ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mtoto mdogo ni kama kikombe. Maji ambayo mtu mzima anaweza kuyapoteza na bado akatembea hadi zahanati, mtoto wa kilo 8 hawezi kuyapoteza hata kidogo bila kuanguka. Anaweza kuanza kuharisha alfajiri, na jioni akawa katika hatari ya kufa.

Sasa je, kama ananywa na bado anaharisha, kumnywesha kuna faida gani? Swali hili liliwasumbua hata madaktari kwa miaka mingi. Jibu lake lilipatikana katika utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo una vilango vidogo mno ambavyo hupitisha chumvi na sukari kwa pamoja. Sukari peke yake au chumvi peke yake haivifungui vizuri, lakini zikija zote mbili kwa kiasi kinacholingana, hupita, na maji huzifuata. Jambo la ajabu ni kwamba vilango hivyo huendelea kufanya kazi hata wakati mtoto anaharisha vibaya. Hivyo mtoto atatoa maji, ni kweli, lakini yale yanayoingia yatazidi yale yanayotoka. Mwanasayansi Robert Crane alieleza siri hiyo mwaka 1960, na mwaka 1968 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Dhaka, David Nalin na Richard Cash, wakaonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa.

Hata hivyo wakubwa wa tiba hawakuamini haraka. Kilichowafumbua macho ni vita. Mwaka 1971, wakati Bangladesh inapigania uhuru wake, wakimbizi kwa mamilioni walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu huku wagonjwa wakiwa wamelala sakafuni. Akaamuru chumvi na sukari ya glukosi zichanganywe na maji, zitiwe katika madramu yenye bomba, na wagonjwa wanyweshwe. Nani aliwanywesha? Wauguzi walikuwa wachache mno. Walionywesha ni ndugu wa wagonjwa: mama, kaka, shangazi, yeyote aliyekuwa karibu na aliyeweza kushika kikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet la Uingereza liliandika kwamba huenda ugunduzi huu ukawa ndio muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Naomba tuishike picha hiyo ya Bangaon, kwa sababu ndiyo hoja yangu ya leo. Dawa ilikuwa chumvi na sukari, lakini aliyeponya ni yule ndugu aliyekaa chini na kikombe, akanywesha, akanywesha tena.

Tangu wakati huo dunia imepiga hatua. Mwaka 1980 ilikadiriwa kwamba kuharisha kuliua watoto wapatao milioni 4.6 wenye umri wa chini ya miaka 5 kila mwaka. Siku hizi idadi hiyo imeshuka hadi zaidi kidogo ya 400,000. Hapa kwetu, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Sababu za kushuka huko ni nyingi. Mojawapo ni chanjo ya kuzuia kuharisha kunakoletwa na kirusi cha rota, ambayo hapa Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2013. Mtoto huipata kwa matone mdomoni akiwa na wiki 6, na tena akiwa na wiki 10. Tazama kadi ya mwanao kama amezipata zote mbili.

Lakini chanjo hiyo haizuii kila aina ya kuharisha. Kwa hiyo turudi kwenye kijiko.

Pakiti ya ORS hupatikana zahanati na katika duka la dawa muhimu. Pakiti ya kawaida huchanganywa na maji safi lita 1 kamili, siyo glasi moja na siyo "kwa kukadiria". Soma pakiti yenyewe, kwani nyingine ni ndogo. Maji yakiwa machache, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi, dawa inakosa nguvu. Tumia chupa ya lita 1 ya maji ya dukani kama kipimo. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Ukishachanganya, funika, na kikipita kitwa cha siku, yaani saa 24, mwaga kilichobaki utengeneze kingine.

Kama pakiti hakuna, na duka liko mbali, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote viwe vimesawazishwa kwa kisu au kidole bila kurundikwa. Onja kabla ya kumpa. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Mwenye miaka 2 na zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Na apewe kidogo kidogo, kwa kijiko au kwa kufunda kutoka kwenye kikombe. Akitapika, usikate tamaa. Subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Soda na juisi za dukani zisihesabiwe kuwa dawa, maana sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, na mtoto huharisha zaidi.

Pamoja na ORS kuna vidonge vya zinki, ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2004. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huviacha siku ya tatu, mtoto akionekana mzima. Tusifanye hivyo. Zinki hupunguza muda wa ugonjwa, na siku zile zilizobaki humlinda mtoto asiugue tena upesi. Dawa za kuua vijidudu hazihitajiki kwa kila kuharisha, na zile za kufunga tumbo zisipewe watoto wadogo kabisa.

Na chakula je? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na wahenga walikuwa sahihi kuliko wale waliotufundisha kulipumzisha tumbo. Mtoto anayeharisha ale. Huko Susuni ulezi haukosekani, na uji wa ulezi ni rafiki wa mtoto mgonjwa. Wataalamu wetu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walichunguza kwa muda mrefu kimea, ule unga wa ulezi uliooteshwa, wakakuta kwamba ukitia kiasi kidogo tu katika uji mzito unalegea na kunyweka, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg waliandika mwaka 1994 juu ya watoto wa Tanzania waliolishwa uji uliochachushwa. Watoto hao waliharisha mara chache kuliko wenzao, kwani ule uchachu huwanyima vijidudu nafasi ya kustawi. Bibi zetu waliopika togwa hawakuwa na maabara, lakini hawakuwa gizani.

Hapo hapo tuseme kweli kuhusu mengine tuliyoyaokota njiani. Mtoto akiharisha wakati fizi zinamwasha, wapo wanaosema ana meno ya plastiki, wakampeleka kwa mtu wa kuyang'oa kwa kifaa kisichochemshwa. Meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino la kweli la mtoto, na jeraha lile limeleta maambukizi na vifo. Mtoto wa umri huo huharisha kwa sababu anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, ameanza kula vyakula vingine, na kinga aliyotoka nayo kwa mama yake imepungua. Dawa yake ni mikono iliyonawa kwa sabuni, choo kinachotumika na kufunikwa, na maji yaliyochemshwa.

Sasa nimrudie binti wa Susuni. Yote niliyoyaeleza hapa, mama yake aliyajua. Aliporudi kutoka shambani alinitajia mwenyewe pakiti, lita moja na zinki, bila kukosea. Alifundishwa kliniki. Ila kliniki humfundisha mama, na siku ya ugonjwa mtoto hakuwa mgongoni mwa mama. Alikuwa mgongoni mwa dada yake, ambaye hakuna aliyemfundisha kitu.

Kabla hatujawanyoshea kidole watu wa Tarime, naomba nijinyoshee mimi. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu wa kwanza aliharisha tukiwa mjini. Mke wangu alikwenda kazini, nami nikaenda studio. Tukamwachia msichana wa kazi pakiti mbili na maneno mawili: "Mpe hii." Msichana hakuuliza, maana hakutaka kuonekana hajui. Alimimina pakiti nzima katika kikombe kimoja. Mtoto akaonja, akakataa, na yule msichana akaliacha jambo hilo hapo. Jioni tulimkimbiza mwanetu hospitali, macho yameingia ndani, akawekewa dripu usiku ule. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye benchi nikakumbuka kwamba matangazo ya ORS nilikuwa nimeyasoma redioni kwa sauti yangu mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi hata siku moja kuikoroga. Kosa halikuwa la yule binti.

Wenzetu wamejifunza somo hili kabla yetu. Bangladesh, kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba hadi nyumba, katika kaya zaidi ya milioni 12, kuwafundisha akina mama kutengeneza maji hayo kwa chumvi ya ncha za vidole 3 na gao la sukari guru. Walimu hao walilipwa kwa kadiri ya kile ambacho mama alikumbuka mkaguzi alipokuja baadaye, siyo kwa idadi ya nyumba walizopita. Hata hivyo ilionekana kwamba wanaojua ni wengi na wanaotumia ni wachache. Kulikuwa na sababu zaidi ya moja, na mojawapo ilikuwa sisi wanaume. Baba hakuambiwa, kwa hiyo baba hakuamini. Ikabidi wafuatwe sokoni na misikitini.

Na mwaka 1978, daktari David Morley na wenzake wa London walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, kwa kuangalia jambo ambalo kila mtu wa Afrika Mashariki analijua: watoto wadogo hulelewa kwa sehemu kubwa na watoto wakubwa. Basi wakaanza kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kutambua mtoto aliyeishiwa maji na jinsi ya kumnywesha, wakitumia kijiko maalumu chenye kipimo cha chumvi upande mmoja na cha sukari upande wa pili. Sisemi kwamba ni haki mtoto wa miaka 9 aachiwe mgonjwa peke yake kutwa nzima. Hapana. Lakini maadamu maisha yetu yako hivyo, ni dhambi kumwachia mzigo na kumnyima maarifa.

Kwa hiyo nina ombi kwako, ndugu msomaji wa mjini. Leo jioni, kabla hujalala, nunua pakiti moja ya ORS. Mwite anayeshinda na mtoto wako, awe dada wa kazi, mama mkwe, au binti yako mkubwa. Usimweleze kwa maneno. Mpe chupa ya lita moja, achanganye yeye mwenyewe mbele yako, aonje, na nyote muonje. Kisha mwulize: mtoto akitapika utafanya nini? Na baba awepo, tena baba naye akoroge. Likizo ikifika na watoto wakienda kwa bibi, pakiti mbili na vidonge vya zinki viwe ndani ya begi pamoja na kadi ya kliniki, na bibi aonyeshwe kwa heshima, siyo kwa amri.

Zaidi ya yote, wote wazijue dalili ambazo hazingoji. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, aliyelegea mno au kuzimia, mwenye degedege, mwenye macho yaliyoingia ndani, au ambaye ukiifinya ngozi ya tumbo lake inarudi polepole, huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akiendelea kunyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Siku ile Susuni tulimtuma kijana dukani, akarudi na pakiti. Tulikaa chini ya mti, mimi na yule binti. Nilichanganya mara moja, akaangalia. Kisha akachukua kijiko mkononi mwangu bila kuniomba, akaanza: kijiko kimoja, anasubiri, kijiko cha pili, anamfuta midomo. Haba na haba hujaza kibaba. Mama yake alipofika jua likiwa kali, mtoto alikuwa amekojoa, na alipolia machozi yalimtoka. Mama alimbeba kwenda naye zahanati, na binti akamfuata nyuma ameshika chupa.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.